Ndiyo Tatu, Hapana Moja

Tarehe kumi na tisa Januari, mwaka jana, tulimpoteza Irakoze, mwanafunzi wangu, msichana wa miaka tisa. Alikata roho njiani, ndani ya gari la kukodi, kabla hawajafika Tabora mjini. Nimeanza na hilo kwa sababu mengi nitakayosema yanaelekea huko, na sipendi mtu asome akicheka halafu akute msiba bila kuonywa.

Ninawaandikia nyinyi vijana mnaochukuliwa siku hizi kufundisha Kiswahili watoto wa wageni kwa michezo ya kwenye vishikwambi. Mimi nimeshastaafu. Niliishia darasa la saba. Kazi hii niliifanya miaka thelathini na kitu katika kijiji kimoja cha Ulyankulu, na miaka sita ya mwisho ndiyo niliyofanya na vishikwambi. Cheti cha ualimu sikuwahi kuwa nacho. Kwenye karatasi za mradi uliotuletea vishikwambi niliandikwa msaidizi wa darasa. Watoto waliniita Mama Mwalimu, wazazi wakafuata, na mimi sikuwakataza.

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa Warundi waliokimbia vita walipoletwa kwetu. Sisi ni Wanyamwezi, nyumbani tulisema Kinyamwezi. Kirundi nilikiokota kwenye michezo, kisimani, kwenye kuchunga. Wale wa zamani walikuja kupewa uraia, na wajukuu zao leo wanaongea Kiswahili cha Dar mpaka wananichanganya mimi. Lakini wageni hawajaacha kuja. Kila msimu wa tumbaku zinaingia familia zinazokuja kumlimia tajiri, baba, mama na watoto, na watoto hao hawana neno hata moja la Kiswahili. Shuleni wanakaa nyuma, kimya, mpaka msimu unaisha. Hao ndio niliowafundisha, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, kabla hawajapokelewa shule ya msingi.

Nianze na vidole, maana hakuna semina itakayowaambia habari hii. Wakati wa kuchuma tumbaku, vidole hushikwa na utomvu mweusi unaonata. Sheria inasema mtoto hafanyi kazi ya tumbaku. Vidole vya watoto wangu vilisema vingine. Kioo cha kishikwambi hakikubali kidole cha namna hiyo. Kinaganda, au kinachukua jibu ambalo mtoto hakulitaka. Msimamizi wa mradi alituletea vitambaa maalumu vya kufutia, vikaisha baada ya wiki mbili. Kilichosaidia ni nyanya mbichi. Unaikata, mtoto anasugua vidole, ananawa kwa majivu na maji, anakaa. Nilipanda miche minane nyuma ya darasa kwa kazi hiyo tu. Mama mmoja alinigombeza kwamba naharibu mboga za watu kwa ajili ya televisheni.

Vumbi nalo. Kila kishikwambi kivalisheni mfuko wa nailoni wa chumvi, ule mwepesi, kidole kinapita juu yake bila shida. Na msimpe mtoto mmoja kishikwambi kimoja hata kama vinatosha. Waketi wawili wawili. Wakiwa wawili watabishana, na ubishi ndio unaotoa maneno mdomoni. Sisi tulikuwa na vishikwambi kumi na viwili na watoto ishirini na sita, kwa hiyo ubishi ulikuwepo wa kutosha. Mpaka mwaka ule wa mwisho, mradi ulipoongeza vishikwambi, kila mtoto akawa na chake. Darasa likawa kimya. Wageni waliokuja kututembelea walisifu utulivu. Mimi pia niliusifu.

Ndani ya mchezo kulikuwa na sauti ya dada mmoja, nzuri, laini kama ya redioni. Ukipata anasema, “Hongera, umeshinda.” Ukikosa anasema, “Jaribu tena.” Watoto walimpenda kuliko mimi. Siku moja mtendaji wa kijiji alipita, mtu mnene, mwenye heshima zake na mkoba kwapani. Akamwinamia mtoto mmoja mgeni mlangoni, akamuuliza, “Hujambo?”

Mtoto akamtazama vizuri, akamjibu kwa ile sauti laini kabisa, “Jaribu tena.”

Mtendaji akadhani hakusikia. Akarudia, kwa sauti zaidi. Mtoto akafikiri kidogo. “Hongera,” akasema, “umeshinda.” Tulicheka wiki nzima. Mtendaji mwenyewe alikuwa akinikuta njiani ananiuliza, “Mama Mwalimu, leo nimeshinda au nijaribu tena?”

Nilicheka, sikujiuliza. Mtoto yule alikuwa anatamka maneno safi kuliko watoto wa hapa, na hakujua hata moja linafanya kazi gani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sabimana. Alikuwa mkimbizi, aliyekuja akiwa kijana, na alikuwa anafundisha watoto wa wenzake chini ya turubai kabla hata shule haijajengwa. Aliniita nimsaidie kwa sababu nilijua Kirundi na Kiswahili na kwa sababu, alisema, nilikuwa na sauti ya kuita ng'ombe. Kwenye kazi alikuwa mkali. Hakuwa na kitabu. Njia yake ilikuwa kutuma. Asubuhi mtoto anafundishwa maneno manne matano, mchana anatumwa. Nenda kwa fulani ukaniombee kijiko. Nenda dukani ulete chumvi. Mwenye duka, marehemu sasa, alikuwa Mnyamwezi mwenzangu, na yeye na Mzee walikuwa wameelewana.

Mtihani wake wa mwisho ulikuwa huu. Anamtuma mtoto dukani kuleta kitu ambacho yeye na mwenye duka wanajua hakipo. Sindano, tuseme. Mwenye duka anamwambia mtoto sindano zimekwisha, mpaka gari la mjini lije. Mtoto ambaye lugha haijamwingia anarudi na kiberiti, au na pipi, au na chochote alichopewa au alichokinyooshea kidole, kwa sababu anaona haya kurudi mikono mitupu. Mtoto aliyeiva anarudi hana kitu, anasimama mbele ya Mzee, anasema hakuna, zimekwisha, mpaka gari lije. Siku hiyo Mzee Sabimana anampa mkono kama mtu mzima, na mtoto anaandikishwa shule.

Nilimuona akimrudisha nyuma msichana mmoja mara saba. Mara saba analeta kiberiti. Nikamwambia, Mzee, mtoto anajua majina ya vitu vyote vilivyomo humu ndani, mwache aende. Akanijibu, “Anayejua majina bado ni mgeni. Ngoja aweze kuniambia kitu ambacho sitaki kukisikia.”

Alifariki kabla vishikwambi havijafika. Mimi niliendelea kutuma watoto kwa miaka kadhaa peke yangu. Vilipokuja vishikwambi, msimamizi wa mradi, kijana mpole kutoka Dar es Salaam, alinieleza kwamba kinachohesabiwa ni saa ambazo mtoto anatumia kwenye mchezo, na kwamba watoto kuzurura njiani saa za darasa ni hatari, pikipiki zimekuwa nyingi. Alisema kweli kuhusu pikipiki. Kisha akanionyesha ngazi. Mchezo ulikuwa na ngazi kumi, na mtoto aliyemaliza ya kumi alipewa kadi ya kijani yenye picha yake, iliyosema amehitimu Kiswahili cha mwanzo. Kadi ilikuwa na nafasi ya sahihi yangu. Niliacha kutuma watoto. Sikulazimishwa. Nilikuwa na miaka karibu sitini, magoti yananiuma, na kadi zilipendeza.

Irakoze alimaliza ngazi kumi kwa wiki saba. Hakuna mtoto aliyewahi kufanya hivyo. Alikuwa mwembamba, mtulivu, na alikuwa na tabia ya kunitazama usoni kabla hajabonyeza. Nilidhani ni adabu. Nilipomsainia kadi, mama yake alikuja darasani na kuku, nikamkatalia, akakasirika, nikampokea kuku. Mama Irakoze alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa, asiyejua Kiswahili kabisa. Mume alikuwa amebaki kwao. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Aliniambia kwa Kirundi kwamba sasa wana mdomo, kwamba tajiri hataweza tena kuwapunja kwa maneno, binti yake atasikia kila kitu. Nikamwambia ndiyo, atasikia.

Sasa ile siku.

Ilikuwa wakati wa kunyunyizia dawa ya wadudu shambani. Mama Irakoze alikuwa amepelekwa na tajiri shamba la mbali. Asubuhi, kama saa nne, jirani mmoja alimkuta Irakoze pembeni ya shamba anatapika, macho yanamtoka machozi, mate yanamjaa. Akampandisha pikipiki mpaka zahanati. Jirani huyo naye hakuwa na Kiswahili cha maana. Akamwacha mtoto na kadi yake ya kijani shingoni, akarudi kumtafuta mama.

Nesi aliyekuwa zamu alikuwa anaitwa Rehema. Alikuwa amezoea, tangu alipohamia kwetu, kunipigia simu kila akipata mgonjwa Mrundi, na mimi nilikuwa nakwenda kumtafsiria. Ni mwendo mfupi, nikitembea polepole ni dakika ishirini. Siku hiyo alinipigia.

“Shikamoo Mama Mwalimu. Nina mtoto wako hapa, Irakoze. Anatapika. Mama yake hayupo. Uje, au huyu anaelewa?”

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa darasa. Msimamizi alikuwa ameleta wageni wa mradi, watu watatu wenye kamera, na walikuwa ndiyo kwanza wanashuka kwenye gari. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya.

“Huyo amemaliza ngazi zote,” nikamwambia. “Anaelewa vizuri. Muulize mwenyewe.”

Nikakata simu, nikaenda kuwapokea wageni. Niliwaambia habari za Irakoze. Niliwaambia kwamba hata zahanati sasa haihitaji mkalimani. Wakaandika.

Nesi Rehema alimuuliza maswali manne. Aliniambia mwenyewe baadaye, na alikuwa ameyaandika kwenye daftari lake. Una homa? Ndiyo. Kichwa kinauma? Ndiyo. Umetapika mara nyingi? Ndiyo. Umekunywa au umeshika dawa ya shambani? Hapana. Alisema mtoto alijibu haraka, bila kusita, akimtazama usoni. Akampima malaria, akaikuta, kama mnavyojua huku kwetu mtoto yeyote ukimpima utaikuta. Akampa dawa ya malaria na maji ya chumvi na sukari, akamlaza.

Saa nane mama yake alifika. Saa hiyohiyo mtu mwingine alifika na chupa ya soda iliyookotwa pembeni ya shamba, iliyokuwa imebaki nusu, na harufu yake ilijaza chumba. Wapulizaji walikuwa wamechanganyia dawa humo. Mganga wa zahanati akasema haraka apelekwe mjini. Gari likatafutwa, likapatikana saa tisa na nusu. Mengine nimeshayasema.

Pale msibani, mama yake hakulia kwa sauti. Wanawake walikuwa wanamzunguka na yeye anatazama chini. Siku ya tatu aliniita nikae karibu naye, kwa sababu nilikuwa najua lugha yake. Akaniambia kwamba wiki mbili kabla ya msiba Irakoze alikunywa maji ya matunda ya msimamizi wa shamba, kwenye chupa, na yeye akamchapa kwa fimbo mbele ya watu. Akamwapia kwamba akigusa tena chupa isiyo yake atamvunja mkono.

“Nesi alimuuliza,” akaniambia. “Alikuwa na mdomo wa kusema. Akasema hapana. Aliona afadhali afe kuliko mimi nijue.”

Nilimshika mkono. Nilimwambia asiseme hivyo. Sikumwambia kuhusu simu, wala yeye hakujua kwamba nesi alinipigia.

Wakati huo na mimi niliamini hivyo, kwamba mtoto alidanganya kwa woga. Ilinifaa kuamini. Simu iliniuma, lakini nilijiambia kwamba hata ningekwenda, angenidanganya na mimi.

Mwezi wa tatu nilikuwa darasani na msichana mmoja anaitwa Kezia, mwenye maneno mengi, aliyekuwa ngazi ya tano. Ngazi ya tano ilikuwa ya maswali. Inatokea picha, yule dada anauliza, je, huyu ni mbuzi? Je, mama anapika? Chini kuna kitufe cha kijani cha ndiyo na chekundu cha hapana. Kezia alikuwa anabonyeza huku anaangalia kuku nje dirishani. Anabonyeza, anaangalia kuku, na nyota zinaongezeka. Nikamuuliza kwa Kirundi, unajibuje bila kutazama?

Akanishangaa. “Ni ndiyo, ndiyo, ndiyo, halafu hapana,” akasema. “Halafu tena. Wote tunajua. Irakoze ndiye aliyegundua.”

Niliketi nikakichukua kishikwambi. Nikacheza ngazi ile mwanzo mpaka mwisho, nikiziba sauti kwa kiganja. Ilikuwa kama alivyosema. Waliotengeneza mchezo hawakuchanganya majibu. Ndiyo tatu, hapana moja, mpaka mwisho wa ngazi, na ngazi ya sita na ya nane vivyo hivyo; zilizobaki zilikuwa za majina ya vitu tu. Mimi nilikuwa nimeucheza mchezo huo kwenye semina mara nyingi na sikuona kitu. Mtu anayejua lugha haoni mpangilio huo, anaona mbuzi. Aliyeweza kuuona ni yule ambaye hakuelewa swali.

Niliwapa watoto ruhusa ya kwenda nyumbani mapema. Nilikaa na vile vishikwambi vyote juu ya meza.

Nendeni mkajaribu hili nililolifanya. Zibeni sauti, muone kama mnaweza kushinda. Mkishinda, mchezo huo haufundishi lugha, unafundisha kushinda. Na tazameni kama kuna mahali mtoto anaweza kujibu sijui. Kwenye ule wetu hapakuwepo. Kila swali lilitaka jibu, na ukinyamaza sana yule dada anasema jaribu tena. Siwaambii mvitupe vishikwambi. Nimeona mtoto aliyekuwa hainui uso akicheka kwa mara ya kwanza kwa sababu ya picha ya nyani. Lakini maneno ya mwanzo kabisa, kabla ya mbuzi, kabla ya rangi nyekundu na bluu, wafundisheni kwa mdomo wenu: sijui, sielewi, naumwa, niitie mama. Halafu watumeni. Watumeni kitu ambacho hakipo.

Nilimweleza msimamizi. Alishtuka, alinisikiliza, aliandika kila kitu, na baada ya miezi kadhaa mchezo ukaja umerekebishwa, majibu yamechanganywa. Watoto wakalalamika kwamba umeharibika. Wengi waliokuwa ngazi ya nane walirudi ya pili. Nilimweleza pia nesi Rehema. Yeye alikuwa ameshahojiwa na wakubwa wake, na hakunitaja. Alisema tu kwamba aliona kadi. Nilipomweleza akaniambia, “Mama, swali niliuliza mimi.” Alihamishwa mwaka uleule. Hatupigiani simu.

Niliyepaswa kumweleza kwanza, yeye sikumweleza. Nilistaafu mwezi wa sita. Msimu mpya ukaanza, Mama Irakoze akabaki kwa tajiri yuleyule, nikawa namuona gulioni, kanisani. Alikuwa amekonda. Watu waliniambia kwamba hazungumzi na watoto wa wenzake, akiona mama anamchapa mtoto anaondoka mahali hapo. Kila nikimuona nilijiambia si leo, leo amechoka, leo kuna watu. Nilikuwa najua kabisa kwamba yule mwanamke anabeba kitu ambacho ni changu, na nikamwacha akibebe, miezi kumi na minne tangu Kezia aniambie. Sina la kujitetea. Niliogopa atakavyonitazama.

Mwezi wa tano mwaka huu nilikwenda. Ilikuwa mchana, wakati wa kupanga madaraja ya tumbaku. Nilimkuta peke yake kwenye banda, ameketi juu ya mkeka, majani ya rangi ya limau upande huu, ya rangi ya chungwa upande ule, yaliyochanika nyuma yake. Nikamsalimu, akanisogezea nafasi. Nikamwambia kwa Kirundi kwamba nina jambo la Irakoze, na kwamba naomba asinikatize, kwa sababu nikikatizwa sitaweza kuendelea.

Nikamwambia simu. Nikamwambia maneno yangu kama nilivyoyasema, muulize mwenyewe. Kisha nikamwambia habari ya mchezo, ya kitufe cha kijani na chekundu, na maswali manne ya nesi kwa mpangilio wake. Alikuwa anaendelea kuchambua majani. Nilipofika swali la nne mikono ikasimama.

“Ulikuwa wapi?” akaniuliza.

“Darasani. Tulikuwa na wageni.”

“Ni mbali kutoka pale mpaka zahanati?”

“Si mbali.”

Akatazama jani alilokuwa nalo mkononi. “Ile hapana,” akasema, “haikuwa kwa ajili yangu.”

Nikamwambia sikuwa moyoni mwa mtoto, siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba dawa ya shambani ni neno ambalo sikumfundisha, wala mchezo haukumfundisha, na kwamba darasani alikuwa anajibu hivyohivyo, ndiyo tatu na hapana moja, na mimi ndiye niliyemsainia kwamba anaelewa.

Nje kulikuwa na watu wanapakia mitumba ya tumbaku kwenye trekta, wanataniana.

“Nilimwosha mwenyewe,” akasema. “Walitaka kunisaidia nikakataa. Nikawa namwosha huku namgombeza. Nilimwambia, kwa nini umenificha. Nilimwambia hivyo mpaka nikamaliza kumvika.”

Akaliweka jani chini. Akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akatoka bandani bila kunitazama. Makaburi yako ng'ambo ya shamba lile, si mbali, na mabua yalikuwa yameshang'olewa, kwa hiyo nilimuona njia nzima. Alipofika alipiga magoti. Nilisikia sauti yake, anaongea, maneno hayakunifikia. Aliongea muda mrefu.

Mimi nilibaki kwenye mkeka. Majani sikuyagusa. Aliporudi alikuwa na udongo magotini. Aliketi mahali pake, akachukua jani, akalitazama kwenye mwanga, akaliweka upande wa limau. Kisha akaniambia niende nyumbani. Nikaenda.